"Maji ya chumvi" ya Didia nusura yammalize kiti cha pweza wa dada yangu

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu nawasalimu.

Mnaonifahamu humu mnajua kazi yangu ni kuuliza "umejuaje?" mpaka mtu anafunga uzi wake kwa hasira. Nimeuliza hivyo kwenye nyuzi za mitishamba, nyuzi za ndoto, na ule wa jamaa aliyedai simu iliyolowa inapona kwenye mchele. Leo ni zamu yenu. Kisa hiki nilikuwepo na mikono yangu ililowa. Sehemu ambayo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Kwanza mnijue kidogo. Naitwa Shija. Jina lenyewe linawaambia kwamba nilizaliwa nikiwafuata mapacha. Pacha wa pili, dada yangu Doto, ni mwalimu wa Biolojia pale Didia, Shinyanga. Mume wake, shemeji yangu Baba Neema, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule Runzewe na anakuja nyumbani akipata nafasi. Mimi nimemaliza chuo, biolojia na kemia, ajira bado, kwa hiyo nazunguka kati ya Runzewe na Didia kama barua isiyo na anwani.

Kisa kilianzia darasani kwa dada.

Alikuwa anafundisha osmosisi kwa kidato cha tatu. Kwa waliosahau, ni hivi. Ukiwa na ukuta mwembamba unaopitisha maji lakini unazuia chumvi, maji yanahama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Ndiyo maana ukinyunyizia kachumbari chumvi, baada ya muda nyanya na vitunguu vinaogelea. Hujaongeza maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani.

Dada akaweka kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi kali, kikanywea. Darasa likaandika. Kengele inakaribia kugonga, binti mmoja anaitwa Kabula akanyoosha mkono.

"Madam, kama chumvi inavuta maji, mbona samaki wa baharini hakauki akawa dagaa akiwa humo humo?"

Wakuu, hilo swali mimi nimekaa chuo miaka yote sikuliuliza.

Dada akajibu kilichopo kitabuni: samaki wa baharini kweli anapoteza maji muda wote, kwa hiyo anakunywa maji ya bahari muda wote, halafu chumvi iliyozidi anaitoa kupitia matamvua.

Darasa zima likacheka. Samaki anakunywa? Sasa hapo anapokaa ni wapi?

Kabula hakucheka. Akauliza, "Madam umewahi kumuona?"

Dada akakubali kwamba hajawahi kumuona akinywa. Hapo hapo akatoa ahadi ambayo mimi nisingeitoa: Jumamosi ya siku ya wazazi, viumbe wa baharini watakuwepo maabara, wakiwa hai. Mkuu wa shule akafurahi, akalitangaza kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu wa Historia, jirani yake kwenye ofisi ya walimu, akawa anamtania kila chai: "Madam Doto analeta bahari Didia kwa ndoo. Tutaomba na meli."

Sasa elewa hali yake. Wale wanafunzi karibu wote hawajawahi kuona bahari, na wazazi wao hivyo hivyo. Akiwaletea mizoga siku hiyo, darasa litaendelea kuamini kwamba osmosisi inaishi kwenye karatasi ya mtihani tu, na Kabula hatauliza tena. Aliniambia kwenye simu, "Shija, hawa wakifa, naomba uhamisho." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Rafiki yake wa tangu chuo, Mwanaidi, yuko Tanga, anafanya kazi kwenye mambo ya viumbe vya bahari. Yeye ndiye aliyefuatilia ruhusa zote. (Msije mkaenda kujichotea tu, kuna taratibu.) Akawafunga kwenye mifuko yenye maji na hewa, ndani ya boksi la kuhifadhi baridi, akawapandisha basi la kwenda Mwanza, ambalo Didia linapita barabarani.

Walikuwa samaki watatu wadogo wenye mistari, kaa wanne wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, jongoo bahari mmoja, yule mrefu laini kama tango, na kiti cha pweza mmoja mwekundu, yule kiumbe mwenye umbo la nyota. Fundi wa madirisha ya alumini akawa amemtengenezea dada tangi la kioo, na kipampu kidogo cha hewa kikapatikana.

Boksi lilifika salama. Mimi na shemeji tulikuwa bado Runzewe, tumepanga kuondoka kesho yake. Dada akampigia Mwanaidi kumpa taarifa. Mwanaidi akamwambia, maneno yenyewe haya haya:

"Shoga, maji ya safari yameshachafuka hayo. Chukua nusu, nusu nyingine ujazie maji ya chumvi. Taratibu tu."

Mkiwa mnatokea Tanga mmeelewa. Mkiwa mnatokea Didia mmeelewa pia. Na hapo ndipo kilipo kisa chote.

Nyuma ya uwanja wa mnada kuna kisima cha pampu ya mkono ambacho tangu tukiwa watoto kinaitwa cha maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu kwa maji yake. Sufuria linaota ukoko mweupe. Maharage ukiyachemshia maji yale, utaongeza kuni mpaka uchoke na hayalainiki. Ng'ombe ndio wanaoyapenda. Mtu akisema "maji ya chumvi" pale kwetu, hakuna anayefikiria bahari. Anafikiria kile kisima.

Dada ana maji mazuri ya bomba nyumbani. Akayapita makusudi, akaenda na wanafunzi kusukuma pampu, wakarudi na ndoo zimejaa, furaha tele. Wakajaza tangi taratibu kama walivyoelekezwa. Wakampa kila samaki jina.

Tulifika siku iliyofuata mchana. Tangu Kahama shemeji alikuwa ananihubiria habari za bei ya dhahabu na mimi namuuliza amejuaje, kwa hiyo tulishuka hatusemeshani vizuri. Tukamkuta dada maabara amekaa mbele ya tangi, hajavua hata koti la kazi.

Kiti cha pweza alikuwa ameachia kioo, amelala chini, ametuna, mikono imelegea kama glovu iliyojazwa maji. Jongoo bahari alikuwa amevimba kama mpira wa ndani wa baiskeli. Samaki mmoja alikuwa ameshakufa. Wawili walikuwa wanapumua haraka haraka juu ya maji. Kaa wamejificha ndani ya makombe, hakuna anayetoa hata mguu.

Kama kawaida yetu, kila mtu alikuwa na jibu. Mlinzi alisema ni uchovu wa safari. Mama anayepika uji wa walimu alisema kuna mtu ana jicho. Mwalimu wa Historia alichungulia dirishani akasema, "Poleni na msiba," akaondoka.

Shemeji yeye alikuja na jibu la kibosi. "Chumvi imezidi. Si mnaona? Wamezidiwa na chumvi. Mwaga nusu, weka maji ya bomba, wapumue."

Dada akainua ndoo ya maji ya bomba. Kabula, aliyekuwa amebaki na wenzake, akaikamata kwa chini kumsaidia.

Nikasema, "Subiri. Nani kasema hayo ya kwenye tangi ni ya chumvi?"

"Shija, usianze," dada akasema. "Siyo leo. Nimeyafuata mwenyewe kisimani."

"Kisima gani?"

"Cha maji ya chumvi! Kwani viko vingapi?"

Kilichonifanya niwasimamishe ni kile kiazi. Kiazi cha darasani kilinywea kwenye chumvi kali. Kama shemeji alikuwa sahihi kwamba chumvi imezidi, hawa walitakiwa wanywee, wawe kama zabibu. Mbona wamevimba? Kitu kinachovimba kimeingiwa na maji. Na maji yanaingia kule kwenye chumvi nyingi. Yaani ndani ya mwili wa kiti cha pweza kulikuwa na chumvi nyingi kuliko nje.

Kwenye boksi kulikuwa bado na ndoo moja ya maji yale ya safari ya Tanga ambayo dada alikuwa hajayamwaga. Nikachovya kidole, nikalamba. Nikatema. Nikachovya kidole kwenye maji ya kisima. Wakuu, ukitoka kulamba bahari, maji yetu ya chumvi ni kama chai ambayo mtu amesahau kuweka sukari.

Nikamwambia dada alambe. Akalamba ya kwanza, akakunja uso. Akalamba ya pili. Akaangalia ndoo, akaangalia tangi, akakaa chini.

"Mungu wangu. Nimewaweka kwenye maji baridi."

"Ya friji?" shemeji akauliza.

"Maji baridi ya kisayansi, Baba Neema! Yasiyo na chumvi! Nyamaza kidogo."

Hapa nieleze kitu ambacho nilikihakiki baadaye. Samaki ana namna ya kujitetea. Mwili wake unapigana muda wote kushikilia kiwango chake cha chumvi, haijalishi nje kukoje, ingawa ana mwisho. Kiti cha pweza na jongoo bahari hawana hiyo vita. Wao ndani yao ni kama bahari yenyewe. Bahari ikiwa nzito nao wazito, bahari ikigeuka nyepesi ghafla, maji yanawaingia na hawana mlango wa kufunga. Kaa wale wako katikati, na wana nyumba ya kujifungia, ndiyo maana walikuwa kimya tu.

Sasa tatizo likawa lingine. Tumejua chumvi imepungua. Tuongeze kiasi gani? Maji ya Tanga yaliyobaki hayatoshi. Kifaa cha kupimia chumvi shule haina.

Mtu mmoja kwenye mtandao anasema kijiko fulani kwa lita. Kijiko cha nani? Cha chai au cha kupakulia wali? Na chumvi gani?

Tulikwenda dukani, dada hakutaka ile ya pakiti kwa sababu imeongezewa vitu. Tukachagua chumvi ya mawe, ile ya madonge ambayo watu wanawapa ng'ombe. Nikamuuliza muuzaji imetoka wapi.

"Dukani hapa."

"Kabla ya duka?"

"Kwenye gunia."

Bahati gunia lenyewe lilikuwa limeandikwa kwamba ni la pwani. Lakini ilikuwa mbichi mbichi na ina mchanga, kwa hiyo hata ukiipima kwa gramu, hujui umepima chumvi, maji au mchanga.

Ni wakati tunarudi ndipo nilipomwangalia shemeji na begi lake dogo la ngozi.

Kwa msiojua, wanunuzi wa dhahabu wa kwetu wanapima usafi wa dhahabu kwa maji. Unaipima ikiwa kavu, halafu unaining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji na kuipima tena. Kwenye maji inakuwa nyepesi kidogo, na hiyo tofauti ndiyo inayokwambia ni safi kiasi gani. Shemeji nimemuona akifanya hivyo asubuhi na jioni. Wazo likanijia: ukigeuza ile hesabu, badala ya kutumia maji kujua dhahabu, unatumia kitu kimoja kile kile kujua maji. Maji yenye chumvi ni mazito. Kitu kikining'inia ndani yake kinainuliwa zaidi, mizani inasoma namba ndogo zaidi.

"Shemeji, mizani unayo?"

"Naiacha wapi? Hata kanisani naenda nayo."

"Ni ya uhakika?"

Akasimama katikati ya njia. "Bwana mdogo, Runzewe nzima inaniamini."

"Na wachimbaji?"

Dada akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Shemeji hakucheka. Ikabidi nimtulize.

"Shemeji, hata kama inadanganya haina neno. Tunalinganisha maji na maji. Ilimradi inadanganya kote sawasawa."

"Hapo ndiyo umenitukana vizuri sasa," akasema. Lakini begi alikuwa ameshalifungua.

Tulitafuta kichupa kidogo cha dawa, tukakijaza changarawe, tukakiziba vizuri. Shemeji akakifunga uzi kwa ufundi wake, akakining'iniza kwenye maji ya Tanga. Tukasoma namba. Kabula akaiandika ubaoni kubwa, akachora duara.

Kisha tukakizamisha kwenye maji ya kisima. Namba ikapanda. Tukajaribu maji ya bomba. Wakuu, maji ya kisima na ya bomba tofauti yake ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Yale maji tuliyoyaita ya chumvi maisha yetu yote!

Tukachukua maji ya bomba yaliyokuwa yamekaa wazi kwenye diaba, tukayeyushia chumvi, tukayachuja kwa kitambaa, tukayaacha yafikie joto moja na yale ya Tanga, tukapima. Ongeza. Pima. Imezidi, punguza. Shemeji sasa ndiye bosi, hataki mtu aguse meza. "Msipumulie mizani! Hii siyo ya nyanya!" Mpaka namba ya ubaoni na ya mizani zikawa kitu kimoja.

Shemeji alitaka tuwamwagie hapo hapo. Tukakataa. Mwili uliokwishavimba ukiutupa ghafla kwenye maji mazito ni kuupiga mara ya pili. Tukachukua mpira mwembamba, tukaufunga fundo, maji mapya yakawa yanadondoka tone tone kwenye tangi huku ya zamani tunayachota kwa kikombe. Wanafunzi wakapokezana.

Jongoo bahari hakuvuka. Alitapika matumbo yake, tukamtoa haraka asiwachafulie wenzake. Samaki wawili wakaanza kupumua taratibu. Kaa wa kwanza alitoa jicho, akaangalia, akarudi ndani.

Kiti cha pweza alikuwa bado amelala tunafunga maabara.

Asubuhi yake, Ijumaa, dada ndiye aliyefungua. Mimi nilikuwa nyuma yake. Chini ya tangi hapakuwa na kitu. Nikajua basi, mtu katuibia au paka. Dada akanivuta mkono, akanionyesha juu. Kiti cha pweza alikuwa kwenye kioo, karibu na ukingo, mikono yote mitano imekaza, na vile vijiguu vyake vidogo vya chini vinatembea kimoja kimoja. Ngozi imerudi kuwa ngumu ngumu, imekazana.

Dada alichukua kitambaa akafuta kioo kwa nje, pale pale alipo yule kiumbe, kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Jumamosi watu walijaa. Nilidhani dada ataficha kosa lake, na nani angejua? Badala yake alianza nalo. Akawaeleza wazazi wote jinsi alivyoyapita maji ya bomba kwenda kutafuta chumvi mahali isipokuwepo. Akaweka meza tatu: maji ya bomba, maji ya kisima, maji ya Madam. Kila mtu alambe, kidole kwa kidole.

Bibi mmoja alilamba yale ya tatu akashika mdomo. "Ng'wanawane! Mwanangu, na hao wanakunywa haya?"

"Wanakunywa, bibi. Kutwa nzima."

"Halafu bado wana kiu?"

"Bado wana kiu."

"Masikini ya Mungu," bibi akasema, akamwangalia samaki kwa huruma ya kweli.

Mwalimu wa Historia alikuja mwisho. Akalamba, akalamba tena. Akauliza meli inafika saa ngapi. Dada akamwambia yeye ndiye abiria aliyechelewa.

Kabula aliruhusiwa kuweka kiganja ndani ya maji. Kiti cha pweza akamshika. Hakuutoa mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Madam, hiki chenyewe kinakunywa?" Dada akasema hakinywi, hakina haja, chenyewe ni kama maji yanayokizunguka. Kabula akafikiri, kisha: "Kwa hiyo samaki ni mbishi, na hiki ni mpole."

Mimi nimesoma vitabu vizito kuhusu hilo jambo. Hakuna kilicholisema vizuri hivyo.

Mpaka naandika, wote waliobaki wako hai. Wiki ya kwanza joto lilikausha maji yakashuka chini ya alama, wanafunzi wakataka kujazia ya chumvi. Kabula akauliza, chumvi imeenda wapi? Haijaenda popote, maji ndiyo yameruka. Kwa hiyo wanajazia ya bomba. Mwanaidi anatuelekeza kwa simu, na amesema chumvi ya ng'ombe ni ya dharura tu kwa sababu haina kila kitu kilichomo baharini, hivyo katutumia chumvi maalumu. Sasa kila akitoa maelekezo dada anamuuliza kila neno lina maana gani kwao. Mwanaidi anasema nimemharibu dada yangu.

Nilichojifunza wakuu: nimezoea kuuliza maswali kwenye maneno magumu. Siku ile lililotaka kutuangusha ni neno jepesi kabisa, ambalo pande zote mbili za simu zilikuwa na uhakika nalo. Sasa naanza kuuliza na hayo.

Shemeji karudi Runzewe. Anawaambia watu mizani yake imeshapima bahari.

Karibuni, mnikosoe kwenye sayansi nilipoteleza, na mniambie: kwenu, mtu akisema "maji ya chumvi", anamaanisha yapi? Maana kwetu Didia sasa hivi ukiyaomba, unaulizwa kwanza: "Ya kisimani, au ya Madam?"